Mashine ya Gemu Katika Mirathi

Mwaka 2021, vuli ikianza, nikiwa na miaka hamsini na sita, nilikaa eda ya mume wangu katika nyumba yetu ya Kariakoo. Hatukujaaliwa mtoto. Baada ya swala ya isha tulizoea kucheza mpira kwenye mashine ya gemu ya zamani, ambayo fundi mmoja wa Mtaa wa Msimbazi aliifungua akaichomelea chipu, ili isome hata diski zilizonakiliwa. Mimi nilisoma ukubwani, katika darasa la jioni. Kwa hiyo mume wangu alifuta majina ya wachezaji, akaandika ya jamaa na majirani, nipate cha kusoma kinachonihusu. Majina hayo yalikaa kwenye kadi ndogo, na kadi ile bila mashine haikuwa kitu.

Eda ikiwa katikati, wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja kutoka Upanga kutazama vitu vitakavyogawanywa. Aliiwasha mashine. Taa ikawaka, diski ikazunguka, kisha yakaja maandishi kwamba haisomeki.

"Hii imemfuata mwenyewe," alisema. "Chukua tu, wifi. Tumekuachia."

"Sitaki kuachiwa. Nina robo yangu kisheria. Ihesabiwe humo."

"Ihesabiwe nini? Shehe akadirie bei ya chuma chakavu?"

Tulicheka, lakini neno lile la kuachiwa sikulisahau. Ikibaki mbovu, ningeipokea kama sadaka. Ikipona, ingepata bei, ikawa yangu kwa haki.

Eda haikuniruhusu kwenda Msimbazi, nikampigia fundi simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mashine haisomi."

"Hizo ni nyaya za chipu, mama. Nyembamba kama nywele. Usiguse, utaniletea maiti."

"Diski halisi husomeka bila chipu?"

"Husomeka."

"Basi nimeweka halisi, nayo imegoma."

Akacheka. "Mama, unatafuta kazi? Njoo ukae dukani, mimi nikalale. Hapo ni lenzi. Futa kwa spiriti, pole pole."

Niliifungua baada ya alasiri, mbali na nyaya za chipu. Juu ya lenzi palikuwa na utando wa manjano unaonata. Niliunusa: ubani. Siku za matanga, khitma zote zilisomwa chumba kile kile cha mashine, na chetezo kiliwekwa kwenye rafu ya mashine, kwa kuwa ndipo marehemu alipopenda kukaa. Moshi wa kumwombea ndio ulioiziba. Sikukasirika. Nililowesha pamba ya masikioni, nikafuta kama mtu anayemfuta mtoto tongo, nikarudisha skrubu zote mahali pake.

Diski ikazunguka, ikasoma. Timu yetu ikaingia uwanjani: yeye golini, mimi mbele, wifi yangu beki wa kushoto, mahali kaka yake alipomweka kwa sababu ya ukali wake. Nililia kidogo, kisha nikafunga goli.

Februari 2022, Jumamosi ya kwanza baada ya kutoka eda, shehe aliyegawa mirathi aliwakutanisha warithi ukumbini kwetu. Nikaiwasha mashine mbele yao.

"Kumbe nzima," wifi alisema. "Basi mwanangu naye anapenda mpira."

"Iwekewe bei," nikasema, "iingie katika robo yangu. Nami badala yake naliacha kabati letu la mninga."

"Kabati lile?" shehe aliuliza. "Kwa hiki?"

"Kwa hiki."

Wifi aliwatazama wachezaji kwenye televisheni, akalisoma jina lake, akaguna. Kisha akamgeukia shehe.

"Bei iwe ya haki," alisema. "Asije akatutangaza mjini kwamba tumemwachia."

Shehe akataja bei. Nikaiongeza kidogo, wifi akaitikia kwa kichwa, na kabla ya adhuhuri tukatia saini sote.