Seva Iliyosema Ni Nzima

Fundi wa kompyuta, ambaye ofisi nzima ilimwita Dada Seva, alikuwa na seva tatu, yaani kompyuta za kuwafungulia wateja kurasa za tovuti, na mtambo wa kuzigawia wateja hao. Mtambo huo uliijulia hali kila seva kabla ya kuipa kazi. Asubuhi hiyo wateja walilalamika mpaka simu zikapata moto. Alipochunguza alibaki mdomo wazi: seva ya pili ilikuwa hoi, haiwezi kufungua hata ukurasa mmoja, lakini kila ilipojuliwa hali ilijibu kwamba ni nzima, na mtambo ukazidi kuirundikia watu.

"Mjinga ni mimi!" alifoka. "Nimeifundisha kuitikia salamu tu."

Akabadilisha swali. Sasa kila seva ilitakiwa kutafuta jina la mteja na kulileta; ikishindwa, inapumzishwa. Mambo yakatulia.

Mchana akampigia simu mama yake, kama kawaida.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Mzima kabisa."

Alikuwa karibu kuaga, akasita.

"Mama, leo umepika nini?"

"Mwanangu," mama akasema polepole, "tangu juzi sijaweza kusimama."