Haisikiki Kumi na Moja

Mimi sina subira na watu wanaonunua vitu kwa kusoma. Mtu anataka sufuria, badala ya kwenda kununua sufuria anakaa wiki tatu akisoma habari za sufuria, na siku zote hizo anakula mkate mkavu. Basi Mungu akanipa meza iliyopakana na mtu wa namna hiyo, nami nikamcheka mpaka mbavu zikaniuma.

Tulimwita Pedeli. Kazi ya ofisi yetu ni kuandika maneno ya watu waliorekodiwa kwenye baraza la ardhi. Unavaa hedifoni, unakanyaga pedeli, sauti inakwenda. Unaachia, inasimama, unaandika ulichosikia. Usichokisikia unakiwekea mabano, ndani yake unaandika "haisikiki", unasonga mbele. Sisi wengine tulisonga mbele. Yeye alikanyaga na kuachia, akarudisha, akakanyaga tena, sentensi moja mara ishirini, mpaka soli ya kiatu chake cha kulia ikatoboka wakati ya kushoto bado nzima. Alikuwa na miaka ishirini na minne kwenye kiti kile na alitoa kurasa chache kuliko mtu yeyote. Mimi nilitoa kurasa thelathini kwa siku, na kila mtu alijua, maana nilikuwa nawaambia.

Siku moja faili la mjane likarudi. Mama huyo alikuwa na kesi ya kiwanja na jirani yake, mwaka uliopita. Ofisa aliyemsikiliza alihamishwa kabla ya kuamua, aliyekuja baada yake akaamua kwa kusoma karatasi zetu, mama akashindwa. Akakata rufaa. Waliokaa kwenye rufaa wakafungua ushahidi wake, wakakuta ukurasa wa tisa, palepale anapoulizwa mpaka uko wapi, una "haisikiki" kumi na moja. Wakaagiza uandikwe upya ndani ya wiki sita. Ukirudi vilevile, hukumu inabaki na mama anahama.

Ukurasa huo niliuandika mimi. Bosi wetu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, akampa Pedeli.

"Umempata mwenyewe," nikamwambia Bosi. "Atausikiliza mpaka kiwanja kiote msitu."

Pedeli alikuwa na hedifoni nzito, kubwa za kufunika sikio zima, alizopewa na fundi mitambo wa redio fulani iliyofungwa. Akazichomeka kwenye kompyuta ya ofisi, sauti ikatoka kidogo kama ya mtu aliye chumba cha tatu, tena ina muungurumo. Fundi wa kompyuta akamweleza kwamba hedifoni za studio zinataka nguvu, na tundu la kompyuta ile halina nguvu hiyo. Anahitaji kiboksi cha kuweka mezani: kinaunganishwa kwa waya, kinapokea rekodi ikiwa bado tarakimu tupu, kinaigeuza chenyewe kuwa sauti, halafu kinaikuza. "Vipo vya bei ya kawaida, mzee," fundi alisema, akaenda zake. Ofisi ikasema haina fungu la viboksi. Pedeli akaamua kununua mwenyewe.

Hapo ndipo alipojitokeza shemeji yake, kaka wa mkewe. Huyu bwana sebule yake haikaliki kwa nyaya. Nyumbani kwao wanamwita Profesa na mpaka leo anadhani wanamheshimu.

"Shemeji, usikurupuke," Profesa alisema kwenye simu, kwa sauti iliyotufikia sote. "Kwanza tujue unataka sauti ya joto au ya baridi."

"Nataka kujua mama huyu anasema nini."

"Huo tunauita uwazi. Lakini uwazi bila joto unachosha, shemeji. Nakutumia orodha."

Orodha zikaja. Wiki ya kwanza viboksi kumi na vinne, vyote vimepewa alama na watu wasio na kazi za kufanya. Wiki ya pili saba kati ya hivyo vikafutwa, vikaingia vipya tisa. Kimoja kilikuwa kizuri lakini kitufe chake cha kuzungusha ni cha plastiki. Kingine kilikuwa kizuri zaidi, ila ndugu yake mpya yuko njiani kutoka kiwandani, asubiri. Pedeli aliyanakili yote kwenye daftari kwa mwandiko wake wa shule, na mabano yangu kumi na moja yamekaa pembeni yanamtazama.

"Mzee," nikamuuliza, "huyo mjane ni wa ngapi kwenye orodha?"

Alitabasamu kidogo, akaendelea kunakili. Nilimdharau kwa lile tabasamu pia.

Wiki ya nne Profesa akaja ofisini mwenyewe, amekumbatia kiboksi chake cha nyumbani: chuma cheusi, taa ya buluu, uzito wa pasi ya mkaa. Alikichomeka, akavaa hedifoni, akafumba macho. Tukaacha kazi wote kumtazama. Kichwa kikaanza kuyumba taratibu, mkono ukapanda hewani.

"Hii ndiyo sauti sasa!" akasema kwa kelele za mtu aliyeziba masikio. "Unasikia chumba kizima!"

Pedeli akamgusa bega. "Amesema nini?"

"Nani?"

"Mama."

Profesa akafumbua macho. "Ah, maneno sikuyafuatilia, shemeji. Lakini sauti yake ina mwili."

Tulicheka mpaka Bosi akatoka chumbani kwake. Pedeli hakucheka. Kwa adabu ya shemeji alikitumia kile chuma wiki nzima, na kweli chumba chote kilisikika: feni ya darini ikivuma, viti vikilia, mtu akikohoa kohozi zito. Mama yuko chini ya vyote hivyo, anaungurumiwa. Zilibaki siku tisa na mabano yalikuwa bado kumi na moja.

Jumamosi asubuhi akaniambia anakwenda dukani. Nikamfuata, nisije nikakosa kicheko. Lilikuwa duka jembamba la vifaa vya umeme, makatoni mpaka darini. Mwenye duka akatoa viboksi vitatu, akataka kumwekea muziki wenye ngoma ili asikie jinsi vinavyopiga.

"Niwekee hii," Pedeli akasema, akamkabidhi flashi.

Mwenye duka akasikiliza kidogo. "Mzee, hapa hamna kitu. Ni watu wanaongea tu."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya katoni, akavaa hedifoni zake, akatoa penseli na karatasi tatu, karatasi moja kwa kila kiboksi. Aliandika alichosikia, na pale asiposikia aliacha nafasi. Hakuuliza jina la kiboksi wala habari ya joto. Mwisho akahesabu nafasi zilizo wazi: kwenye cha kwanza saba, cha pili sita, cha tatu mbili. Hicho cha tatu kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote, kibaya kwa sura, plastiki ya kijivu yenye kitufe kimoja na lebo iliyobandikwa kombo. Muziki kwake ulitoka mkavu, mwenyewe nilijaribu. Feni nayo ilipungua, na konsonanti zikasimama moja moja.

Profesa alipopigiwa simu alichukulia ni matusi. "Hicho ni cha kuchezea watoto! Umenitia aibu, shemeji!"

"Sawa, shemeji," Pedeli akasema, na akalipia.

Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana, akaniita kwenye meza yake. Nilikwenda na utani wangu tayari mdomoni. Hakunipa nafasi ya kuutoa. Alinivisha zile hedifoni nzito, akakanyaga pedeli.

"Mpaka ni mfereji ule aliouchimba marehemu mume wangu," mama alisema, pole pole, "mwaka aliozaliwa mtoto wetu wa pili. Jirani alikuwa hajahamia. Aliyemsaidia kuchimba yupo hai, ndiye yule amekaa mlangoni. Mwulizeni."

Kisha nikasikia sauti ya karani wa baraza ikimwambia, "Ongeza sauti, mama, inaandikwa." Na mama akaongeza sauti. Akayasema yote tena tangu mwanzo, mfereji, mume, mtoto, yule wa mlangoni, kwa sauti kubwa ya mtu aliyeambiwa inaandikwa.

Nilivua hedifoni. Bado nilitaka kushinda. Nikarudi mezani kwangu, nikafungua rekodi ileile, nikachomeka vile vijihedifoni vyangu vya masikioni vilivyokuja na simu, vilevile nilivyotumia mwaka jana. Nikafunga dirisha. Nikarudisha mara tano, mara sita, kitu ambacho sikuwa nimewahi kumfanyia mtu yeyote. Kati ya mabano kumi na moja, saba niliyasikia. Na hayo saba yalitosha: mfereji ulikuwemo, na yule wa mlangoni alikuwemo. Siku ile ya mwaka jana huo wa tisa wa mama ulikuwa ukurasa wangu wa ishirini na nane tangu asubuhi, na nilitaka thelathini kabla ya kutoka.

Pedeli akaja na ukurasa wa tisa mpya, hauna bano hata moja. Aliushikiza na fomu ya marekebisho. Fomu hiyo ina mstari wa sababu ya kosa, na chini yake nafasi ya saini ya mwandishi wa kwanza. Kwenye mstari wa sababu alikuwa amekwisha kuandika, kwa ule mwandiko wake wa shule: vifaa hafifu vya kusikilizia.

"Tia saini tu, ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie. "Gari la barua linaondoka saa nane."

Nilimtazama. Miezi na miaka nimemcheka mtu huyu mbele ya watu, na sasa ananifichia aibu kwa maneno manne. Bosi akiisoma fomu hiyo, atalaumu hedifoni. Watu wa rufaa watalaumu hedifoni. Mjane naye, kama kuna atakayemweleza, ataambiwa ni hedifoni.

Nilichukua kalamu, nikayakata yale maneno manne, nikaandika juu yake: mwandishi wa kwanza hakusikiliza. Halafu nikatia saini kwa herufi zinazosomeka.