Madigadi ya Baiskeli ya Baba

Siku ile tulikuwa wanne kwenye benchi: mimi, mdogo wangu Wandera, kitindamimba wetu Ojiambo, na kukhu, mama yake baba, aliyekuja kuhakikisha hatutazami mambo ya aibu. Nawataja kwa sababu asubuhi hii baiskeli yenye madigadi iliyolegea imepita nje ya duka langu hapa Busia, cheng'e, cheng'e, na nikawaona wote tena.

Ulikuwa ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia yaliyonuka kahawa na panya. Kwenye shuka nyeupe ya sinema hatukuonyeshwa mtu. Kwanza tulisikia mluzi. Kisha buti likatua vumbini, halafu la pili. Mkono ukafunga farasi. Uso ulikuja mwisho kabisa, na ukumbi mzima ukashusha pumzi.

"Huyo ndiye staringi," Wandera akanong'ona. "Staringi hafi."

"Umejuaje?" Ojiambo akauliza.

"Si umesikia vile ametangulizwa? Hawa wengine wanatokea tu, kama kuku."

"Nyamazeni," kukhu akasema. "Na huyo ameingia kwa watu bila hodi."

Tukirudi nyumbani Ojiambo akanivuta gauni. "Dada, baba alikuwa anaingia aje?"

Hakumjua. Baba alikuwa akivusha mizigo ya watu kwa baiskeli, na alipokwenda upande wa Uganda mara ya mwisho, na chumvi na sabuni, Ojiambo alikuwa bado ananyonya. Hakurudi, wala hatukuletewa mwili wa kuzika. Mwaka uliofuata homa ikamchukua mama, nami nikaachia shule darasa la sita.

Basi nikamweleza kama nilivyoona kwenye sinema. Kwanza mlio wa madigadi yake iliyolegea, kutoka kwenye kona. Kisha mluzi. Kisha viatu vya tairi mlangoni, na gunia begani. Uso mwisho, kwa sababu ilibidi ainame. Nilijivunia maelezo yangu.

Tangu hapo mtoto akawa wa barabarani, anakimbilia kila baiskeli hadi karibu na kizuizi cha mpaka. Kukhu akamkalisha chini, akamwambia baba amekufa. Ojiambo akasema hapana, yule ni staringi, kisha akagoma kula. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa imepasuka na hakuweza kusimama.

Jioni hiyo niliazima baiskeli ya jirani, nikalegeza skrubu ya madigadi, nikaisukuma kutoka kwenye kona nikipiga mluzi wa baba. Kupitia ufa wa ukuta nilimwona Ojiambo akijiinua, akajifuta uso kwa shati, akavuta sahani ya ugali. Alimeza tonge la kwanza, la pili, macho yakiwa mlangoni.

"Ingia, baba," akasema.

Nilibaki pale nimeshika usukani. Mlio nilikuwa nao. Uso wa kuuleta sikuwa nao.

Nilipoingia nikamwambia, "Amepita. Alikuwa na haraka."

"Atarudi?"

"Atarudi."

Akamaliza ugali. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na nilidhani kazi imeisha. Uzee ndio ulionifundisha kwamba ukishamtanguliza mtu kwa mlio, umemwahidi.

Ojiambo sasa ana wajukuu. Asubuhi hii tulikuwa naye hapa dukani tukinywa chai, baiskeli ile ilipopita. Alikatiza maneno yake, akageukia mlango, kikombe mkononi, akangoja hadi mlio ukaisha. Ananidai neno moja tangu siku ile, naye hajui kwamba ananidai. Nilifungua kinywa nimwambie aliyepita jioni ile ni mimi.

Nikamwongezea chai.