Shangazi Sita Mkiani mwa Daraja

Watu wengi hudhani mwanajeshi ni bunduki tu. Mimi niliolewa kwa hisani ya wanajeshi waliokuja na nyundo na spana, na hadi leo nikitazama gwaride kwenye televisheni, wahandisi wa jeshi ndio ninaowatafuta kwanza.

Kwetu ni upande wa Runyenjes, penye chai na kahawa. Mchumba wangu, mwalimu mwenzangu, alitoka Siakago kwenye ukame, na baba hakuficha kwamba angependa mkwe anayeijua mvua. Mara mbili watu wa kule walipanga kuleta mahari, mara mbili wakakwama. Baba akatangaza kwamba wasipofika Jumamosi ile, basi, mambo yamekwisha. Ijumaa mto ukafura, ukabeba daraja.

Asubuhi ya Jumamosi nilishuka mtoni nikilia bila aibu. Ng'ambo niliwaona wakwe na mbuzi wao, vibuyu vya asali na magunia ya pojo, na kando yao malori mawili ya jeshi yaliyoleta daraja la muda la vyuma. Sajini wa wahandisi alikuwa na sauti iliyovuka mto bila daraja. Alitueleza, huku vijana wake wakibeba vyuma, kwamba daraja la aina ile lilibuniwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Halihitaji winchi wala kuchomelewa. Kila kipande hubebwa na watu sita, huunganishwa kwa pini, kisha daraja zima husukumwa juu ya vyuma vinavyobingirika, pua yake nyepesi ikitangulia hewani hadi ng'ambo. Siri yote iko mkiani. Mkia ukikosa uzito, pua inainama na daraja linatumbukia mtoni.

Na lori la tatu, lililobeba vipande vya mkia, lilikuwa limezama matopeni huko nyuma. Sajini akawageukia shangazi sita wa mchumba wangu, wanawake walioshiba vizuri.

"Mama, mnisamehe. Mimi nataka uzito."

"Uzito gani, kijana?"

"Ya kusimama hapa nyuma. Na hiyo magunia pia."

"Si useme tu sisi ni wanono! Kwetu hiyo si matusi."

Wakapanda mkiani wakiimba, kila mmoja na kibuyu chake.

Askari wakaturushia kamba ili tuielekeze pua isiyumbe. Siku ya mahari, baba wa msichana hukaa kitini amekunja uso, kana kwamba hata hajui wageni wanakuja. Wangu alikuwa ameshuka mtoni kuhakikisha hawafiki. Lakini mzee yule hakuwahi kuona kazi ikifanywa ovyo akanyamaza. Aliwapokonya vijana wa kwetu kamba, akavua koti, akaanza kupiga kelele: "Moja, mbili, vuta!"

"Mzee, unavuta nini?" mama akamuuliza. "Unajua ni nani wako huko nyuma?"

"Wacha maneno! Si unaona pua inapinda?"

Pua ilipogusa ukingo wetu, alirukaruka kama mwanafunzi siku ya kufunga shule. Mimi nilicheka hadi nikakaa chini. Mbao zikatandikwa, na shangazi wakavuka wa mwisho, kwa maringo.

Nyumbani baba akarudi kitini, akaukunja uso wake upya, akauliza swali linalopaswa kuulizwa: "Na nyinyi, mmekuja kufanya nini hapa?"

Shangazi mkubwa akajibu polepole. "Sisi hatujakuja, mzee. Wewe ndio umetuvuta."

Boma zima likalipuka kwa kicheko. Baba alijitahidi kukasirika, akashindwa, akaagiza uji uletwe. Mama alipomkabidhi kibuyu, alinyoosha mikono, kisha akairudisha haraka. Kamba ilikuwa imemchubua viganja vyote viwili.

Mchumba wangu, ambaye kwa adabu za siku ile hakutakiwa hata kumkaribia, alikwenda akapiga magoti, akamshikia kibuyu mdomoni. Baba alimtazama, kisha akanywa uji wote.