Uliza Kwanza Nani Alikaa Kushoto

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, ilianza na mvua, na mimi nimekunjwa kwenye kiti cha nyuma cha motokari nyekundu ya kaka yangu, yaya Serge, magoti yamegusa masikio kama panzi. Lakini ngoja kwanza nikae vizuri. Mzee hakimbizwi.

Najua unacheka. Wewe una ndevu na kazi kule Likasi, mimi bado niko mwaka wa sita wa sekondari, na juzi prefe, mkuu wetu wa shule, alinitoa darasani kwa kuiga sauti yake. Ila baba yako ni kaka yangu mkubwa, kwa hiyo ukoo umenifanya baba yako mdogo. Mvi zangu ziko njiani, labda zimekwama Kasumbalesa zikisubiri karatasi za forodha. Nikikuita mwanangu, itika.

Jumapili ulituma kwenye kikundi cha familia picha ya motokari ya mbio iliyotumika Japani, milango miwili, tumbo chini, ukaandika kwamba utaiendesha kila siku kwenda kazini. Halafu ukamcheka yaya Serge, anayemfuata baba yako, na kamionete yake, pikapu inayonuka samaki. Ukauliza ile nyekundu aliipeleka wapi. Watu wazima wote wakanyamaza, hata shangazi, ambaye sijawahi kumwona amenyamaza. Basi nakujibu mimi.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Yaya Serge aliinunua kwa komisioneri mmoja, wale madalali wanaouza mali ya watu huku wakiwaficha wenyewe. Bei ilikuwa laini mno, na hatukujiuliza kwa nini. Aliyekuwa akiiendesha hatukumwona uso, hatukumpa mkono. Siku ya kwanza robo yetu ya Hewa Bora, mtaa mzima, ilitoka nje kuitazama. Ilinguruma kama simba, ikafika kwenye tuta la barabarani, ikakwama kama mbuzi. Watoto waliisukuma wakiimba.

Sasa shika jambo moja, maana hadithi yote imelalia hapo. Usukani wa motokari hizo uko kulia, na sisi huku tunapita kulia kwa barabara. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akiwa nyuma ya lori haoni kitu. Anayeona ni yule wa kiti cha kushoto. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila asubuhi, mimi nikienda masomoni, yeye ofisini. Nachungulia, nasema "ngoja". Nachungulia tena, nasema "pita". Maisha ya mtu mwenye diploma yalikuwa mdomoni mwangu, mimi ambaye mama haniachii hata sufuria ya maharagwe.

Likizo ya Noeli ikafika, nikaanza kulala mpaka jua linichome, na yaya Serge akawa anakwenda peke yake. Baada ya muda nikamwona anabadilika. Yule mtu wa kelele alikula bukari yake, ugali wetu wa huku, kimya. Tena alikuwa akifika kazini mapema kuliko zamani, ingawa macho yake ya kushoto, yaani mimi, yalikuwa bado yamelala. Nikamtania kwamba amepata mchumba wa kumchungulia barabara.

"Kesho utakuya na miye," akasema. "Lakini utaikala nyuma."

Ndiyo ile siku ya mvua. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu, hakuna mfuko, hakuna mwavuli, nilikipapasa kwa mkono wangu. Tukaenda mpaka kwenye kona yenye duka la bluu, mahali ambapo avenue moja, njia ya mtaani, inashuka yote makorongo. Yaya Serge akapunguza mwendo bila mtu kumwomba. Hapo motokari ikaanza kulia: ti, ti, ti. Mbele ya usukani ikawaka taa nyekundu, ile inayosema kwamba aliyeketi kushoto hajafunga mkanda.

Nilicheka. Nilisema maji yameingia kwenye nyaya. Yaya Serge akaniambia fundi alikwisha kukifungua kile kiti kizima, hakuona kasoro, na kwamba mlio huanza kwenye kona hii hii, mvua au jua. Akanyoosha mkono, akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga. Mlio ukakatika. Ukaja ukimya, mwanangu, lakini haukuwa ule wa chumba kisicho na mtu. Ulikuwa ukimya wa chumba ambamo mtu yupo, amenyamaza.

Mbele yetu palikuwa na lori la madini, pana kama nyumba. Mimi nyuma sioni, yeye kulia haoni. Akawasha taa ya kuashiria, akatoka, akapita. Barabara ilikuwa wazi kabisa. Sauti yangu ilikuwa imeteremkia kwenye soksi, lakini nikajikaza nikamwuliza nani alimwambia apite.

"Nasikia tu kama njia iko wazi," akasema. "Haijanidanganya hata siku moja."

Karibu na shule moja ya msingi polisi wa barabarani akatusimamisha. Kama polisi wote wa kwetu, alikuja dirisha la kushoto, anakozoea kumkuta dereva. Akainama, akatazama kiti, akatabasamu kidogo.

"Muzuri, papa," akamwambia yaya Serge. "Umefunga mutoto mukaba."

Nilijipa moyo kwamba amenisema mimi. Lakini vioo vya nyuma ni vyeusi, na mimi, pamoja na udogo wangu, nina dalili za sharubu. Mbele ya lango la ile shule, lenye mnyororo kwa sababu ya likizo, yaya Serge akasimama, akafungua mkanda wa kile kiti, akangoja kidogo, ndipo tukaendelea. Ile taa haikuwaka tena.

Tuliporudi nyumbani alisimulia yote, hata neno la yule polisi, akatangaza kwamba ataiuza. Kuna mtu wa Mokambo, pale mpakani, aliyekuwa akiitamani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na yaya Serge alitaka huyo wa Mokambo aubebe bila kuambiwa una nini ndani. Kambo Felisita, bibi yetu, mjane wa mtu wa reli, alikuwa akichambua sombe. Aliacha mboga.

"Ule wa Mokambo, utamuambia?"

Yaya Serge akazirudisha funguo mfukoni.

"Na weye utaendelea kupita malori sababu mutoto wa bantu anakuambia pita? Serge, mutoto anajua kuona. Kufa hajue. Siku moja atasema pita sababu iko na haraka ya kufika ku masomo, na miye njo nitabakia kukulilia."

Kisha akatueleza desturi ya kambi yao ya reli. Mtu akifariki, kofia yake na taa yake hazikuchukuliwa na mwingine mpaka watu wa nyumba yake wazishike na kusema mbele ya wote: tumeachia. Kitu kikitolewa kwa mlango wa nyuma, alisema, kinatoka na mwenyewe.

"Munanunua motokari," akasema, "hamuulize kilio."

Hilo ndilo karipio, mwanangu. Lilimpiga yaya Serge, likamruka, likanifikia hata mimi niliyekuwa nyuma ya mlango na ndizi mdomoni.

Komisioneri alijifanya hakumbuki kitu. Kambo akaketi kwenye kiti cha kazi cha huyo dalali, akaanza rozari kwa sauti mbele ya wateja wake, na kabla hajafika katikati jina lilikuwa limetoka. Papa Muhindo, mfanyabiashara wa jumla aliyetoka Kivu ya Kaskazini, anayeleta samaki kutoka Kilwa, ile ya ziwani huku kwetu. Nyumba yake iko kwenye ile avenue ya makorongo, nyuma ya duka la bluu. Motokari ya tumbo chini haikuweza kushuka kule, kwa hiyo ilikuwa ikilala penye kona, na mwanawe alipandia hapo kila asubuhi. Mtoto alifariki kwa homa, ghafla tu. Haikuwa ajali, motokari haina kosa. Baba yake alishindwa kupita tena mbele ya lango la shule, akampa komisioneri funguo na kumwomba asiseme. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mficha kilio? Kilio hupanda motokari.

Kambo alitukataza kumweleza Papa Muhindo lolote. Hatukusema juu ya mkanda, hatukusema juu ya malori. Tulimwomba tu aiendeshe mara moja, Jumatatu ya kurudi masomoni, kisha aseme mbele ya watu kama ameiachia.

Asubuhi hiyo tulimkuta kwenye kona, mtu mrefu wa maneno machache. Kumwingiza Kambo kiti cha nyuma kulihitaji watu wawili na sala moja. Mimi nikabanwa kando yake. Yaya Serge alibaki dukani.

Papa Muhindo alipokea funguo, lakini hakwenda kulia. Alikwenda kushoto. Akafungua mlango, akangoja kidogo, kama unavyomngoja mwenye miguu mifupi apande. Akainama, akavuta mkanda juu ya kiti kitupu, akaufunga, akausukuma mlango polepole kwa mikono miwili. Kambo akanifinya paja. Hakuwa na haja. Sikuwa na mzaha hata mmoja uliobaki mwilini.

Tukaenda. Lori likawa mbele yetu. Papa Muhindo akainamisha kichwa kuelekea kushoto, kama mtu anayesikiliza, na mkono wake ukaenda kwenye taa ya kuashiria. Nilikuwa nyuma kabisa ya kile kiti. Nikauona ule mkanda unakazika, taratibu, kama vile aliyeketi ameinama mbele achungulie.

Mkono wa Papa Muhindo ukarudi kwenye usukani.

"Hapana, mwana," akasema. "Leo hatupite. Tutafika tu."

Hapo hapo basi lililokuwa likija kwa kasi likachomoza kutoka mbele ya lori, likatupita upande wa kushoto likipiga honi, maji yake yakafunika kioo chote. Yaya Serge angepita. Nalijua hilo kama ninavyojua jina langu.

Tulilifuata lori polepole mpaka shuleni. Papa Muhindo akashuka, akazunguka, akafungua mlango, akafungua mkanda. Akasimama ameushika mlango, watoto wenye mashati meupe wakimpita huku na huku.

"Ingia, mwana," akasema. "Papa anakuachia."

Kisha akaufunga, safari hii kwa mkono mmoja. Kambo akasema amina.

Papa Muhindo aliomba motokari ibaki kwake, akampa yaya Serge kamionete yake ya samaki. Usukani wake uko kushoto, tumbo lake liko juu, na inanuka Kilwa nzima. Ndiyo hiyo unayoicheka. Kwenye kiti cha kushoto cha ile nyekundu sasa anakaa mama wa mtoto wakienda depo, kwenye ghala lao la samaki, na inalia pale tu anaposahau mkanda.

Basi, mwanangu. Kwamba motokari ya mbio italamba kila shimo la Likasi kwa tumbo lake, hilo fundi atakuambia. Asilokuambia ni hili: usinunue kitu kwa mtu usiyemwona uso. Kaa na mwenyewe, mpe mkono, uliza nani alikaa wapi na kwa nini leo hakai tena, na umsikie kwa masikio yako akisema ameachia. Ukikuta ni mzigo, usimsukumie mwingine. Na usipoona mbele, usipite eti kwa sababu jana ulipita ukafika. Aliyekuambia pita jana, huenda safari yake si yako.

Mungu akupe njia iliyo wazi na subira ya kukaa nyuma ya lori. Akuze kazi yako, azilinde na hizo ndevu zako. Na kila atakayepanda kwako, mwanangu, ashuke mahali pake.