Asukulu Hakuwa wa Ukoo Wetu

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile Jumamosi Bibi alipokataa kushuka garini. Tulikuwa tumefika makaburini, nimeshamfungulia mlango, naye akabaki ameketi, mkoba mapajani, anatazama mbele.

"Bibi, tumefika."

"Nimeona. Mimi sishuki. Nimechoka kusalimia namba."

Babu yangu alikuwa amezikwa mwaka uliotangulia. Kaburi lake halikuwa na jiwe, lilikuwa na kibao kidogo cha plastiki chenye namba, kile wanachoweka wakati familia inajiandaa. Familia ilikuwa tayari zamani. Mchonga mawe wa mtaa wa Bankstown, hapa Australia, alikuwa ameshachoka kunipigia simu akiomba maandishi. Aliyekuwa hajawa tayari ni mimi.

Nakuita mwanangu, ingawa mimi ni shangazi yako na sijafika hata miaka thelathini. Kwetu mtoto wa kaka yangu ni mtoto wangu. Kutoa nasaha ni kazi ya wazee, najua. Lakini wiki iliyopita ulirudi na kazi ya shule, uchore ukoo na ueleze asili ya jina letu, Asukulu. Ukaniuliza kwa Kiingereza, kama kawaida yako, lilitoka wapi. Nilikuahidi jibu. Jibu hilo lina aibu yangu ndani yake, basi lipokee lote.

Nilitaka jiwe la Babu liwe na jina sahihi. Mdogo wake Babu, yule aliyepelekwa Adelaide, anaitwa Wilondja. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, majina mawili tofauti! Nikajiaminisha kwamba karani fulani, kule kambini Tanzania au kwenye ofisi ya viza, alikosea, na kwamba mahali fulani lipo jina la kweli la ukoo linanisubiri. Hakuna aliyenifundisha kutafuta. Nilijifunza mwenyewe, maktabani na ndani ya treni nikienda kazini: namna ya kuomba nakala za faili la wakimbizi, namna ya kumbembeleza katekista wa Fizi, walikotoka wazee wetu, anipigie picha kitabu cha ubatizo. Karatasi zilikuja, na kila moja ilinizidishia wasiwasi. Hapa Babu ni Paulo peke yake, pale Paulo Asukulu, kwingine Paulo wa Mlondani. Mimi ni mtu ambaye nikiona kosa dogo siwezi kupita. Naandika ujumbe, naufuta, nauandika tena, na ukishaenda nausoma nikitafuta nilipojiaibisha.

Mwishowe nikampigia Babu Wilondja.

"Babu, kati yenu wawili, nani ana jina la uongo?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Wee mtoto, wazungu wamekumaliza! Kwetu kila mtoto na jina lake. Mimi nilipewa jina la baba ya mama yetu."

"Na baba yenu, Mlondani? Mbona hakuwapa jina lake?"

"Angetupa namna gani? Alikuwa angali analitumia."

Hapo ningepaswa kutulia. Jina la ukoo nililolisaka halikuwahi kuwapo. Ni hapa Australia ndipo tulipotakiwa kuwa na jina moja la familia. Babu akatoa lake, nasi sote tukaingia chini yake, baba yangu, kaka yangu, mimi, na sasa wewe.

Lakini sikutulia. Nikasema, kama hakuna jina la ukoo, nitaandika ukoo wenyewe. Paulo Asukulu, mwana wa Mlondani, mwana wa Echa, mwana wa... Hapo nikakwama, maana Babu Wilondja alinitajia majina mawili, na katekista akaleta la tatu. Nikachora jiwe kwenye karatasi, mistari kutoka juu mpaka chini, mmoja una alama ya kuuliza. Mchonga mawe nikamwambia asubiri. Bibi naye nikamwambia asubiri.

Utashangaa kwa nini sikumuuliza Bibi, anayeishi nami nyumba moja. Nitakwambia ukweli. Leo Bibi atasema walikimbia Fizi mahindi yakiwa machanga, kesho atasema yalikuwa yameshavunwa. Nikaona maneno yake hayafai kuwa ushahidi. Na kazi yangu unaijua, natunza wazee kule Toongabbie. Nakaa kitandani pa bibi za watu, nawashika mkono, nawasikiliza wakinisimulia jambo lile lile kila asubuhi, na wala sichoki. Wangu nilimpa chai nikampita.

Basi siku ile garini akanyoosha mkono. "Leta hiyo karatasi yako."

Bibi husoma polepole, midomo ikitembea. Alifika kwenye alama ya kuuliza.

"Huyu ni nani?"

"Babu yake Mlondani. Bado sijahakikisha."

"Miye pia simjui." Akashusha kidole mpaka chini kabisa, akaigeuza karatasi, akakuta nyuma ni tupu, akaigeuza tena. "Umejaza jiwe lote na watu waliokufa zamani. Mimi utaniandika wapi?"

Nikaitazama karatasi, nikitafuta nafasi.

"Nilitembea naye toka Fizi mpaka ziwani. Tukakaa naye kambini, tukafika naye huku. Nikienda, mtanilaza hapa hapa kando yake. Na miye mtanipa namba, mpaka umalize kutafuta?"

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza.

"Unaulizaka watu wa simu," akasema. "Unaulizaka karatasi. Miye unaniulizaka tu kama nimekunywa dawa."

Nikamuuliza nilichotakiwa kumuuliza tangu mwanzo. "Bibi, Asukulu alikuwa nani?"

Akanieleza bila kunitazama. Mama yake Babu alishikwa na uchungu wa kuzaa akitoka shamba, na mto ulikuwa umejaa. Wanawake wenzake wakaogopa. Akapita mtu anayeitwa Asukulu, si wa ukoo wetu, wala si wa kijiji chetu, alikuwa akienda zake. Akambeba mama yule mgongoni, akamvusha. Mtoto akazaliwa ng'ambo, akapewa jina la mtu yule. Bibi alisimuliwa na mama mkwe wake mwenyewe, wakitwanga sombe, yale majani ya muhogo.

"Mto gani?" nikauliza, natoa simu ili niandike.

"Sijui mto gani. Mto ulijaa. Weka simu."

Jumatatu nilimpigia mchonga mawe. Jiwe lilipowekwa lilikuwa na mstari mmoja upande wa kushoto: Paulo Asukulu, mwana wa Mlondani. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Bibi akapita kwenye jina la mumewe, akaja kusimama mbele ya ule upande mtupu, akaupapasa kwa kiganja. "Hapa panatosha," akasema. Kisha akamgeukia Babu, akaanza kumpa habari za nyumbani, na mimi nikaondoka kidogo niwaache.

Mwanangu, sikukatazi kutafuta. Mimi bado natafuta, maradhi yangu hayajapona. Lakini anza kwa aliye hai, na umuulize akiwa bado ana nguvu za kukugombeza. Jibu lake likiwa na mapengo, lipokee na mapengo yake. Ukiwa na hofu ya kukosea, ibebe wewe mwenyewe, usimpe mzee akubebee kwa kusubiri. Kwenye kazi yako ya shule andika kwamba tunaitwa Asukulu kwa sababu mtu asiye ndugu alimwonea huruma mama yetu. Mwalimu akitaka jina la mto, mwambie hatulijui, na usione haya kama nilivyoona mimi. Jumapili Bibi atakuwa kwenu. Kaa karibu naye, umuulize kwa Kiswahili hata kikikwama.

Mungu akukuze, mwanangu. Siku ya maji mengi akutumie mtu wa kukuvusha, na siku nyingine akutume wewe. Na watakaokupenda wakutaje kwa jina lako, mapema, ukiwa bado unaitika.