Viganja vya Mpiga Pasi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni viganja. Vilikuwa vya rangi ya chungwa, vimetandazwa juu ya shuka nyeupe za hospitali alizokuwa akizinyoosha. Katika kiwanda kile cha kufulia, nilikopata kazi ya kuandika nguo zinazoingia na kutoka, hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Karoti.

Amepiga pasi miaka ishirini na sita. Hupima moto kwa kuisogeza pasi karibu na shavu, na hajawahi kuunguza hata kola moja. Ila msimu wa baridi uliopita kikohozi kilimwingia, kikakataa kutoka. Mwezi huohuo mwanawe alipata mtoto wa kike, mjukuu wake wa kwanza, na mkwewe, mama wa mtoto, akamzuia mlangoni.

"Shikamoo, baba. Samahani, usiingie. Kikohozi kikiisha utampakata."

"Marahaba, mwanangu. Kitaisha tu."

Ndipo alipoanza kujenga kinga. Muuza dawa alimwambia kwamba vitamini huimarisha kinga ya mwili. Yeye akaona kama kidonge kimoja cha kutafuna kinafaa, basi vinne vitafaa mara nne. Akaongeza jagi la juisi ya karoti asubuhi, na jingine jioni.

Wenzake wakapata la kuchekea. Mkunjaji, mwanamke anayekunja shuka meza ya pili, alimwaga vidonge vyake kwa siri akamjazia kichupa peremende za rangi ileile. Wiki mbili nzima Karoti alitafuna peremende.

"Vipi nguvu, mzee wangu?" mkunjaji alimuuliza mbele ya watu.

"Naona zinarudi. Hata pumzi imefunguka."

Chumba kizima kikaangua kicheko. "Peremende hizo, babu! Kinga yako ni sukari tupu!"

Alicheka nao mpaka kikohozi kikamkatiza. Kisha akanyoosha kiganja. "Haya, nirudishie vyangu."

"Nilivitupa chooni. Tangu siku hiyo choo chetu hakijaugua."

Mjukuu alimjua kwa nguo tu. Kila Jumatatu mwanawe alileta vigauni vya mtoto, naye alivipiga pasi wakati wa mapumziko, akipima mikono ya gauni kwa kidole ili ajue amekua kiasi gani. Miezi mitatu ikapita hivyo. Siku moja ulimi ukamteleza mwanawe.

"Baba, usijichoshe. Zikifika nyumbani, mama mtoto huzichemsha upya."

 Karoti aligeuza gauni ndani nje, akanyoosha mshono wa mwisho.

Jumapili iliyofuata alinyoa ndevu, akaenda kubisha hodi. Mkwewe aliviona vile viganja.

"Jamani! Manjano hiyo, ini limekufa! Baba, nenda, tafadhali."

Mwanawe alikuwa ndani. Alisikika akikohoa kidogo, kama mtu anayetaka kusema neno. Mlango ukafungwa.

Kesho yake Karoti alikwenda kwa daktari. Daktari alimvuta kope. "Macho meupe pee. Hii si manjano, mzee, ni karoti. Ziache, na rangi itakwisha polepole."

"Na kinga yangu?"

"Asiyepata chakula cha kutosha kinga yake hulegea, hilo kweli. Wewe hukupungukiwa. Ukizidisha vidonge huongezi nguvu, unaweza kujidhuru tu. Na kikohozi cha miezi mitatu hakitibiwi kwa jagi, kinapimwa. Kama ni kifua kikuu, dawa ipo, na sasa hivi ungekuwa katikati ya dozi. Ulikuwa unangoja nini?"

 Akapewa kikopo cha makohozi, akaambiwa majibu ni Ijumaa.

Mkwewe ameahidi kwa simu: karatasi ya majibu ikiwa safi, Karoti atampakata mjukuu leo hii. Ikiwa mbaya, atangoja hadi dozi ianze na daktari aruhusu.

"Leo ndiyo tutajua kama tununue sanda au karoti," mkunjaji alimwambia asubuhi, akiendelea kukunja.

Sasa tumeketi kwenye benchi mbele ya dirisha la maabara, maana aliniomba nimsindikize, nimsomee karatasi. Namba yake ni arobaini na moja. Mapajani ana mfuko wenye kigauni cha Jumatatu alichokinyoosha alfajiri, na mikono ya kigauni hicho, anasema, imezidi ile ya wiki iliyotangulia kwa upana wa kidole. Viganja amevificha chini ya mfuko. Kila mlango unapofunguka ananyanyuka, kisha anaketi tena.

Dirishani wameita thelathini na tisa.